Daftari la kifafa linakosa nini, na kile kifaa cha kichwani kinaona nini

Kila ukienda kliniki ya kifafa swali la kwanza la dokta ni lilelile, umeanguka mara ngapi tangu tuonane? Unafungua daftari, unahesabu alama, unasema mara tatu, dokta anaandika tatu, na kwa hiyo tatu dozi inapanda au inashuka au inabaki palepale. Mimi nimemwekea mdogo wangu hilo daftari kwa miaka, tarehe, saa, ilichukua dakika ngapi, alikuwa macho au amelala, na nilikuwa naamini kabisa kwamba namba zangu ni sahihi. Siku nilipoanza kusoma kuhusu hivi vifaa vinavyopandikizwa kichwani na kurekodi umeme wa ubongo kwa miezi na miaka, ndo nikaelewa lile daftari lilikuwa na matundu makubwa kiasi gani, na hamna mtu aliyezembea, ni ugonjwa wenyewe unakula ushahidi wake.

Ngoja nieleze. Seli za ubongo zinaongea kwa umeme mdogo sana, na kawaida kila kundi lina mazungumzo yake. Ni kama uwanja umejaa watu, kila mtu anapiga stori na wa pembeni yake, ukisikiliza kwa mbali unasikia mvumo tu. Mshtuko wa kifafa ni pale kundi moja linapoanza kupiga makofi kwa mdundo mmoja, wa jirani wanadakia, na wakati mwingine uwanja mzima unafuata. Uwanja mzima ukifuata ndo ile kuanguka, mwili kukakamaa na kutetemeka ambayo kila mtu anaijua. Ila ukibaki kwenye kona moja, mtu anaweza kukodoa macho nusu dakika tu, anatafunatafuna mate, anashikashika nguo, alafu anaendelea kama hamna kitu. Na hiyo kona mara nyingi ni sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio, ndani yake kuna hipokampasi, ambayo ndo inatunza kumbukumbu mpya. Kwahiyo mshtuko unampiga kwanza mwandishi wa habari! Ukimuuliza mtu umepata lini hiki kitu anakujibu sijapata, na anasema kweli kwa jinsi anavyojua yeye.

Hii imepimwa. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya watu 91 waliokuwa wamelazwa kwenye wodi yenye kamera na kipimo cha umeme wa ubongo muda wote, wakaambiwa waandike kila mshtuko. Zaidi ya nusu ya mishtuko haikuandikwa. Ile iliyotokea usingizini ndo balaa, karibu asilimia 86 hawakuiripoti. Na nusu ya wale watu walikuwa wanakumbushwa kila siku jamani usisahau kuandika, haikusaidia kitu. Hiyo sehemu ya kukumbushwa niliisoma mara mbili, kwa sababu mimi nilikuwa nakumbusha sana, na wakati mwingine kwa ukali.

Sasa mtu atasema, si kuna kile kipimo cha EEG, unabandikwa waya kichwani? Kipo, tena cha zamani, Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 kule Jena, Ujerumani, na akachapisha 1929. Ni kipimo kizuri ila kina mipaka miwili. Kwanza kinasikiliza kutoka nje, katikati kuna ngozi na mfupa wa fuvu, na mfupa unaufifisha umeme sana, kwahiyo kelele za chini kabisa hazifiki juu. Pili, na hapa ndo penye ishu yenyewe, kinachukua kama dakika 20 au 30. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Umepewa nusu saa moja ndani ya hizo zote, ni kama mtu anachungulia dirishani mara moja kwa mwezi alafu anatoa taarifa kuhusu maisha ya nyumba nzima. Ndo maana kipimo kinaweza kutoka safi na mtu ana kifafa kabisa, na ukiambiwa kiko safi usirudi nyumbani ukidhani umepona, wala wasikuambie unajifanyisha.

Kulazwa na kamera kunasaidia zaidi, unakaa siku kadhaa mpaka wiki moja au mbili, na mara nyingi wanapunguza dawa makusudi ili mshtuko utokee ukiwa pale. Kwa kutafuta mshtuko unaanzia wapi hamna shaka ni hatua kubwa. Ila dawa imepunguzwa, uko kitandani, hufanyi kazi, hulali kama unavyolala kwako, na baada ya hizo siku kamera inazimwa. Swali la mara ngapi kwa mwaka, na lini hasa, linabaki bila jibu.

Hapo ndo vinaingia vifaa vya kupandikiza, na watu wanavichanganya sana kwa hiyo tuvitenganishe. Hamna hata kimoja kinachosoma mawazo, tuanze na hilo. Vinapima kupanda na kushuka kwa umeme kwenye sehemu ndogo, haviwezi kujua unawaza nini. Kinachovitofautisha ni waya umewekwa wapi. Kuna vya chini ya ngozi, juu ya mfupa. Kuna vinavyoingia ndani ya fuvu, juu ya ubongo wenyewe au ndani yake. Na kati ya hivi vya ndani kuna vinavyorekodi tu na vinavyorekodi na kutibu kwa pamoja.

Kinachojulikana zaidi kwa kutibu na kurekodi ni RNS ya kampuni ya NeuroPace, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliipitisha Novemba 2013 kwa watu wazima ambao mshtuko wao unaanzia sehemu moja au mbili na dawa zimeshindwa. Wanakata kipande kidogo cha fuvu wanalaza kifaa pale pale kwenye mfupa, kinatoka na nyaya mbili, kila waya una vituo vinne vya kusikilizia. Kikiona umeme unaanza kujipanga vile dokta alivyokielekeza kinatoa shoti ndogo kuuvuruga, na mwenyewe kwa kawaida husikii. Baada ya miaka 9 ya kufuatiliwa, mgonjwa wa katikati kwenye kundi alikuwa amepungukiwa na mishtuko kwa asilimia 75. Ila haikuja wiki ya kwanza, ilipanda taratibu mwaka hadi mwaka, kwahiyo anayetegemea kutoka theatre kapona ataumia moyo.

Kwenye hii RNS kuna jambo halielezwi vizuri. Watu wanadhani kinarekodi kila kitu saa 24 na kutunza, hapana. Kumbukumbu yake ni ndogo, kinatunza hesabu, yaani saa fulani niliona kitu cha kutilia shaka mara kadhaa, ila michoro yenyewe ya umeme kinatunza dakika chache tu, na ikijaa mpya zinafuta za zamani. Ndo maana mgonjwa anapewa kifimbo cha kupitisha karibu na kichwa kila siku au kila baada ya siku chache, kinanyonya data kwenda kwenye kompyuta na kutoka hapo inaenda kwa dokta. Na anapewa sumaku, akihisi kitu anaipitisha juu ya kifaa ili kitunze mchoro wa muda ule. Ukiacha kupakua wiki mbili umepoteza sehemu ya ushahidi wako mwenyewe.

Alafu kuna neno linawatisha watu bure. Ripoti itasema kifaa kimegundua matukio mamia kwa siku, wengine inapita elfu. Mtu anaona hiyo namba anapiga simu analia. Tukio kwenye lugha ya kifaa sio mshtuko, ni cheche, ni pale watu wawili watatu uwanjani wamepiga makofi wakanyamaza. Nyingi zinakufa zenyewe. Zile ndefu ndo zinakaribia kuwa mishtuko, na hata hizo lazima mtu anayejua kusoma mchoro athibitishe.

Faida kubwa ya kusikiliza kwa muda mrefu nitaieleza kwa mfano mmoja halisi. Kuna watu 82 waliwekewa RNS kwa sababu ilidhaniwa mishtuko yao inaanzia pande zote mbili za kichwa, kulia na kushoto. Kwa wale ambao kweli ilikuwa pande zote, ilichukua wastani wa kama siku 42 mpaka upande wa pili nao urekodiwe ukianzisha mshtuko, na kuna ambaye ilipita mwaka. Sasa fikiria mtu kalazwa wiki mbili, mishtuko yake yote mitatu imetoka kulia, wakasema basi tutoe kipande cha kulia. Kushoto kulikuwa kimya tu kwa hizo wiki mbili. Na kinyume chake pia kipo, kuna waliodhaniwa wana pande mbili kumbe miezi yote upande mmoja tu ndo unasumbua, na kwao upasuaji ukawa jambo la kuzungumzwa upya.

Nikifika kwenye mizunguko huwa nachelewa kumaliza, nivumilie. Kila mtu aliyeishi na kifafa anakwambia kinakuja kwa makundi, wiki tatu kimya alafu ndani ya siku mbili inapiga mishtuko minne. Miaka mingi ilikuwa inachukuliwa kama hisia tu. Mwaka 2018 ikachapishwa kazi iliyotumia data za RNS za watu 37, wengine data ya miaka mpaka 10, wakatazama zile cheche ndogo zinavyopanda na kushuka. Wakakuta mizunguko miwili imelaliana. Kuna wa kila siku, na kuna mrefu wa siku nyingi, kwa wengi ukiwa kati ya siku 20 na 30, na upo kwa wanaume na wanawake, kwahiyo hauwezi kuelezwa na hedhi peke yake.

Anayeijua bahari hili litamwingia haraka. Maji yanajaa na kupwa kila siku, ila juu ya hapo kuna bamvua na kuna maji mafu. Maji yakijaa siku ya maji mafu hayafiki mbali, yakijaa siku ya bamvua yanapanda mpaka yanagusa kuta. Mshtuko unapenda kutokea pale bamvua inapopanda na saa yake ya siku imefika, vyote viwili kwa pamoja. Hizo wiki tatu za kimya hazikuwa za kupona, zilikuwa maji mafu. Na fikiria dozi imeongezwa siku bamvua inaisha, wiki inayofuata mgonjwa yuko vizuri, kila mtu anasema dawa imeshika, dokta anafurahi na familia inafurahi, kumbe maji yalikuwa yanashuka yenyewe. Mimi hiki kimenitokea nadhani zaidi ya mara moja, nikiangalia lile daftari nyuma naona kabisa.

Kila mtu ana kalenda yake lakini, ya huyu haimsaidii yule, na huwezi kuijua bila kurekodi miezi. Ukishaijua ndo kunakuja suala la utabiri. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba kwa watu wengi wenye RNS mzunguko wao unaweza kutumika kukadiria hatari ya kesho, na kwa baadhi mpaka siku tatu mbele. Neno ni kukadiria. Ni kama utabiri wa mvua, asilimia 70 haimaanishi itanyesha, inamaanisha beba mwavuli. Kwa mwenye kifafa kubeba mwavuli ni kutopanda ngazi siku hiyo, kutokuoga peke yake, kulala mapema, kumwambia mtu niangalie angalie leo.

Jaribio la kwanza la kumpa mgonjwa mwenyewe huo utabiri mkononi lilifanyika Melbourne, Australia, matokeo yakatoka 2013, kikundi kikiongozwa na daktari Mark Cook na kifaa cha kampuni ya NeuroVista. Watu 15. Vituo 16 vililazwa juu ya ubongo, waya ukapita chini ya ngozi ya shingo mpaka kwenye kiboksi kifuani, na kiboksi kinatuma ishara kwa kijikifaa cha mkononi chenye taa, bluu maana yake hatari ni ndogo, nyeupe ya kati, nyekundu jiandae. Hiki kilikuwa kinarekodi mfululizo kweli kweli. Ukitaka kujua ukubwa wa kazi piga hesabu rahisi, vituo 16, tuseme kila kimoja kinapimwa mara 250 kwa sekunde, hizo ni namba 4,000 kila sekunde, kwa siku zinapita milioni 345. Hamna binadamu wa kuzisoma, programu inachuja, binadamu anakagua vilivyobaki. Na hapo pia daftari liliaibika, wengine walichokuwa wanaripoti na kilichorekodiwa vilikuwa mbali mbali kabisa.

Sio kila mtu anataka au anahitaji kufunguliwa fuvu ili ahesabiwe mishtuko, kwahiyo kikaja kizazi cha chini ya ngozi. Kampuni ya UNEEG ya Denmark ina kijiwaya kinachoingizwa nyuma ya sikio kati ya ngozi na mfupa, kwa ganzi ya pale pale, hamna nusukaputi wala kugusa ubongo, na nje unavaa kirekodi kidogo kinachochajiwa. Kilipata idhini ya kuuzwa Ulaya 2019. Melbourne nako wametengeneza kinachoitwa Minder, waya wake unavuka kichwa toka upande mmoja mpaka mwingine. Hasara ya hivi vya chini ya ngozi unaiona mwenyewe, mfupa bado uko katikati, kwahiyo mshtuko mdogo ulioanzia ndani sana na ukafia humo humo hautaonekana, na kile cha upande mmoja hakisikii vizuri upande wa pili. Kutafuna na kukaza taya nako kunaingiza kelele. Ila kwa swali la mara ngapi na saa ngapi, hasa usiku, kwa maoni yangu huku ndiko kutakakosaidia watu wengi, sababu gharama ya mwili ni ndogo.

Usiku nausemea kwa makusudi. Kuna kifo cha ghafla kwa mwenye kifafa, kinakadiriwa kumpata kama mtu mzima 1 kati ya 1,000 wenye kifafa kwa mwaka, na anayekuwa kwenye hatari zaidi ni yule mwenye mishtuko ya mwili mzima isiyodhibitiwa, hasa akiwa usingizini na hamna mtu karibu. Familia nyingi hazijawahi kuambiwa hili. Kifaa cha kurekodi hakimgeuzi mtu ubavu usiku, tuelewane. Ila mtu anayeonekana kwenye daftari hana mshtuko mwezi wa tatu sasa, na kila Jumatatu anaamka na ulimi umeng'atwa, huyo rekodi ya kweli inaweza kumbadilishia dawa mapema.

Upande wa pili wa haya mambo ni mzito vilevile. Ukiweka kitu ndani ya fuvu kuna hatari ya maambukizi na ya kuvuja damu, ni asilimia chache lakini zipo. Betri inaisha, RNS za mwanzo zilikuwa zinabadilishwa baada ya kama miaka 3 au 4, za sasa kama 8 au zaidi, na kubadilisha ni kupasuliwa tena. MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku kubwa, sio kila kifaa kinairuhusu, na kinachoruhusu kina masharti, kwahiyo lazima ujue aina na toleo la kilichopo kichwani mwako na utembee na kadi yake. Kuna jambo la leseni ya kuendesha gari pia, uliamini una mwaka bila mshtuko, rekodi ikasema umepata mishtuko sita, na ukishajua huwezi kujifanya hujui. Na kuna mtu taa nyekundu inampa nguvu ya kujipanga, mwingine inamfunga ndani siku nzima kwa hofu, hilo linategemea moyo wa mtu na linapaswa kuzungumzwa kabla.

Kisha kuna lililowapata wale wa Melbourne. NeuroVista iliishiwa pesa na vifaa vikatolewa kwenye vichwa vya watu. Mmoja wao, mwanamke aliyekuwa ameanza kuishi kwa kutegemea zile taa, hakutaka kitolewe. Yeye na mumewe walijaribu kukinunua, mpaka wakafikiria kuweka nyumba rehani, haikuwezekana. Baadaye wataalamu wa maadili waliozungumza naye waliandika kwamba kumtoa mtu kifaa ambacho kimekuwa sehemu ya namna anavyojielewa ni suala la haki za binadamu. Mimi nakubaliana nao. Mtu alitoa ubongo wake kwa ajili ya sayansi, alafu mizania ya kampuni ndo inaamua atalala vipi.

Kwahiyo ukipendekezewa kimojawapo, kabla ya kuuliza kinafanyaje kazi uliza nani ataendelea kukihudumia kampuni ikifa, data zangu ziko wapi na nani anaziona, naweza kupewa nakala, na siku ya kukitoa nani analipa. Na uliza pia kama unakihitaji. Duniani kuna watu kama milioni 50 wenye kifafa, takriban theluthi mbili dawa inaweza kuwatuliza, na wao hawana haja ya waya wowote. Mazungumzo ya vifaa vya ndani ya fuvu yanaanza pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kunywewa sawasawa zimeshindwa.

Mdogo wangu hana kifaa, ana daftari bado. Ila nimelibadilisha. Nimeongeza safu ya asubuhi, ulimi, misuli kuuma, shuka kulowa, kichwa kizito, kuamka hajui leo siku gani, na safu nyingine inaitwa hatukuona, ya usiku na saa zote ambazo alikuwa peke yake. Tukiwa na mashaka tunarekodi video na simu. Mara ya mwisho kliniki dokta alipouliza mara ngapi, tulijibu tulizoziona ni mbili, na usiku 19 hatukuwa na wa kutuambia, akaacha kuandika, akaivuta ile karatasi karibu, akaanza kuuliza habari za asubuhi.